Chungu Kilichorudi Kimejaa

Kabla hajauliza jina lako, kabla hajakuomba ukunje suruali alione kovu, Metre Shabani alikuwa akiuliza swali moja: "Umekunywa chochote cha kwao?"

Wengi walidhani anaulizia sumu. Wengine walicheka. "Metre, mimi nimevunjika mguu, siharishi!" Yeye hakucheka. Aliweka kalamu mezani akasubiri jibu, na mgonjwa akaanza kukumbuka kwa hofu kila kikombe alichopokea tangu siku ya ajali.

Jina lake kamili lilikuwa Shabani Habiyaremye, na "Metre" ndivyo watu wa Kigali walivyowaita wanasheria, kwa Kifaransa chao cha mjini. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la baba yake, fundi cherehani wa Biryogo. Nyumbani kwao Kiswahili kilitangulia Kinyarwanda, kwa kuwa babu mzaa mama alitokea Tabora na mizigo ya chumvi na kaniki, akaoa, asirudi. Mtoto wa Kiislamu hakupata nafasi ya shule kirahisi siku zile. Baba yake alimwandikisha kwa mapadri kwa jina la Simeoni, na kwa miaka sita Simeoni aliimba kwaya asubuhi, jioni akarudi kuwa Shabani kwenye mkeka wa mama yake. Labda ndiyo maana alikuwa mtu wa maneno machache. Aliyezoea kuitikia majina mawili hujifunza kusikiliza kwanza.

Mawakili wa Kigali walikuwa wa kuhesabika, na wengi wao walitafuta kesi za viwanja na mirathi ya wakubwa. Shabani alichukua watu walioumia: waashi walioporomoka na majukwaa, wabebaji waliogongwa na pikapu, mfanyakazi aliyeacha vidole kwenye msumeno wa mbao. Hakuwa msemaji mkali. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hakimu alilazimika kuinamisha kichwa ili amsikie. Nguvu yake ilikuwa katika neno moja alilowaambia wateja ofisini na kulirudia mahakamani: "Nionyeshe."

Hakusema kwamba mtu wa msumeno amepoteza vidole. Alimwomba amfunge vifungo vya shati mtoto wake mbele ya hakimu. Mtoto alisimama wima kama askari, baba akahangaika na kifungo cha kwanza, ukumbi ukanyamaza hadi kiatu cha karani kikasikika chini ya meza. Mama aliyeungua kwapani, Shabani alimletea kamba na shuka bichi, akamwomba alianike. Basi. Hapo alikaa chini.

Lile swali la kinywaji lilikuja baadaye, kwa sababu ya Léonce.

Kwenye vilima vya Rwanda, mtu aliyekukosea haji na maneno matupu. Huja na pombe, pamoja na mke wake na mzee mmoja wa ukoo. Huonja yeye kwanza kwenye mrija, ujue kwamba haina kitu, kisha hukupa mrija huohuo. Ukinywa, neno limekwisha. Usiponywa, umemwambia mbele ya wote kwamba wewe na yeye si watu wa kukaa pamoja tena. Shabani aliijua desturi hiyo kama mtu anavyojua desturi za nyumba ya jirani. Kwao pombe haikuvuka kizingiti. Alikuwa akiifahamu kwa harufu tu, kwenye makoti yaliyoletwa kwa baba yake kutiwa viraka.

Léonce alikuwa mwashi. Jukwaa lilimwangusha kwenye ujenzi wa nyumba huko Kabeza, na miguu yake haikuamka tena. Hiyo ilikuwa mwaka 1991, vita vikiwa vimeshaanza kaskazini, na watu waliingia mahakamani wakiwa wanatazama mlangoni. Shabani alikuwa amejitayarisha vizuri. Lakini wakili wa upande wa pili hakufungua hata jalada lake. Alisema tu: "Mheshimiwa Hakimu, naomba mdai aulizwe kama hakunywa pamoja na mteja wangu siku ya Pentekoste."

Léonce alikuwa mtu mkweli. "Tulikunywa," akasema. "Walikuja na pombe ya ndizi, wamevaa nguo za kanisani. Ningewafukuzaje?"

Hakimu akavua miwani. Naye alikuwa mwana wa mlimani. "Basi mnataka nini tena kwangu?"

Shemeji yake Léonce alimbeba mgongoni kuteremka ngazi za mahakama, na miguu ikaning'inia nyuma kama mikono ya koti lililotundikwa. Tangu siku hiyo Shabani hakumpokea mtu bila kumuuliza, na hakumwacha mtu aondoke bila kumwambia: usinywe cha kwao mpaka hukumu itoke.

Na alishinda. Kwa kanuni hiyo alishinda kesi ambazo wenzake walikuwa wamezikataa. Miaka ikaenda hivyo, mji ukizidi kuchafuka. Vijana wa vyama walipigana njiani kwa kofia na bendera. Mabomu ya mkono yakaanza kurushwa sokoni na kwenye vituo vya teksi, na watu wakaja ofisini wakiwa na vipande vya chuma mwilini, wakimtaka Metre awatafutie wa kumshtaki. Aliwatazama, akawaandalia chai. Baba yake alisema kutoka kwenye cherehani: "Hao hawana mshtakiwa, mwanangu. Hao wana maadui." Shabani aliona bado kuna tofauti kati ya mambo hayo mawili, na akaona kazi yake ni kuilinda tofauti hiyo.

Gaudiose Mukankusi alimjia mwaka 1993, akitembea kwa gongo moja.

Alikuwa mwanamke wa Kimisagara, mrefu, mwenye kucheka kwa pua, anayeuza maparachichi. Aliishi peke yake tangu mama yake afariki. Dada yake alichukuliwa na shangazi kwenda Tanzania mwaka 1973, wakati Watutsi walipofukuzwa mashuleni na makazini, hakurudi. Juu kidogo ya nyumba ya Gaudiose, kwenye mteremko huohuo, palikuwa na karakana ya Nsabimana, mchomeleaji wa mageti. Siku moja pikapu ya Nsabimana, iliyoegeshwa ikiwa imejaa nondo, iliachia breki. Ikashuka kinyumenyume bila dereva, ikambana Gaudiose ukutani. Paja lilivunjika mahali pawili, na lilipoungana, mguu ulikuwa umefupika.

"Umekunywa chochote cha kwao?" Shabani akauliza.

"Uji, hospitali. Nsabimana mwenyewe ndiye aliyenipeleka, mkewe akaniletea uji. Siku hizo sikuwa nikilijua hata jina langu, Metre."

"Uji hauhesabiki."

"Afadhali. Ulikuwa mtamu."

Nsabimana hakuwa mtu mbaya. Lakini mambo ya fidia yalipotajwa, binamu yake mmoja mwenye kazi ofisini alimfundisha kusema kwamba mwanamke alionywa apite mbali, akakaidi. Nsabimana akayasema hayo mbele ya polisi, huku anatazama viatu vyake. Basi kesi ikafunguliwa.

Jumapili moja alasiri Shabani alikwenda Kimisagara aonyeshwe jinsi Gaudiose anavyopanda mteremko na kikapu. Walikuwa wamekaa kwenye kibaraza, yeye akipumzika, Metre akiandika, waliposikia watu wakishuka polepole. Mbele alikuwa Nsabimana, amevaa suti ya harusi yake. Nyuma mkewe, na mzee wa ukoo mwenye fimbo. Nsabimana alikuwa amebeba chungu cha pombe ya mtama. Siku za kawaida watu wa Kimisagara walibeba pombe kwenye madumu ya plastiki. Yeye alileta chungu, kimefunikwa majani ya mgomba, na mirija imechomekwa.

Akakiweka chini. Akapiga magoti mbele ya Gaudiose, akaonja.

"Jirani," akasema, "nilisema uongo polisi. Nimekuja."

Gaudiose tayari alikuwa ameweka gongo kando. Shabani akamgusa kiwiko, wakaingia ndani hatua mbili, nyuma ya pazia.

"Ukitia mdomo kwenye mrija huo, kesi imekwisha," akanong'ona.

"Na nisipotia, mtaa umekwisha."

"Mama, utakula nini mwaka ujao? Kikapu hukiwezi tena."

"Metre, wewe unalala Biryogo. Mimi nikipiga kelele usiku, anayesikia ni huyo." Akacheka kwa pua, kicheko kidogo kibaya. "Mwana wa Biryogo, hujawahi kunywa. Hujui unachonikataza."

"Najua nilichokiona kwa Léonce. Subiri hukumu tu. Ukishashinda, utakunywa naye mpaka mlale njiani."

 Gaudiose alimwamini. Hilo ndilo Shabani hakuweza kulisahau baadaye, kwamba hakubishana zaidi. Alitoka nje, akasimama kwa mguu mmoja na nusu, akasema: "Jirani, kwa leo siwezi. Itasubiri."

Mkewe Nsabimana akajifunika uso kwa kanga. Mzee akatema mate pembeni. Nsabimana akainuka taratibu, akapangusa magoti ya suti, akamtazama Shabani aliyekuwa mlangoni na kalamu yake. Akamwambia kwa Kiswahili cha karakana, makusudi, majirani wasikie:

"Metre! Hii pombe iko na meno? Itakuuma?"

Watu kwenye vibaraza walicheka kidogo, kisha wakaacha. Nsabimana akakiinua chungu, akapanda nacho mteremko mzima, kimejaa, pombe ikimwagikia kwenye mkono wa koti. Hakuna aliyewahi kuona chungu cha msamaha kikirudi kimejaa. Mbwa walifuata matone.

Tangu siku hiyo Gaudiose alizunguka kwa njia ya bondeni ili asipite mbele ya karakana, na kwa mguu ule njia ya bondeni ilikuwa adhabu.

Kesi ilisikilizwa Machi 1994. Shabani alimwomba Gaudiose avae kama siku ya kazi, abebe kikapu cha maparachichi kichwani, atembee kutoka mlangoni hadi mezani. Alifika katikati, mwili ukainama, na parachichi moja likabiringika hadi miguuni kwa hakimu. Hakimu mwenyewe akaliokota. Alikaa nalo mkononi muda wote Nsabimana alipokuwa akijieleza, na Nsabimana hakujieleza sana. Walishinda.

Nje, kwenye ngazi, Gaudiose hakutaka kuzungumza habari za fidia. "Sasa ninaweza kumpelekea mimi?" akauliza. "Mtama ninao. Nitatengeneza mwenyewe."

"Aliyeshinda hapeleki pombe."

"Nani kasema? Mimi ndiye niliyerudisha chungu. Mwenye kurudisha ndiye anayefungua mdomo kwanza. Hata mtoto anajua."

Shabani alifikiria rufaa. Ile ilikuwa tabia yake, kufikiria hatua ya mbele. Binamu wa ofisini angeweza bado kusema kwamba walikunywa. "Subiri muda wa rufaa upite," akamwambia.

"Mpaka lini?"

"Baada ya Pasaka."

Pasaka ikapita. Mtama wa Gaudiose ulikuwa umeshaota kwenye magunia, tayari kwa kuanikwa, wakati ndege ya rais ilipoangushwa, na kesho yake Watutsi wakaanza kuuawa mji mzima, nyumba kwa nyumba, na kwenye kila kizuizi kitambulisho, chenye kabila la mtu, kiliamua. Cha Shabani kilimpitisha. Cha Gaudiose kilikuwa na neno lile jingine.

Biryogo, baba yake Shabani alifunga duka na kufungua chumba cha nyuma. Watu walikaa kimya nyuma ya marobota ya vitambaa, wakijiziba midomo kwa pamba vumbi lilipowakohoza. Wauaji walipokuja, mzee alikaa kwenye cherehani akashona, akashona kitambaa kisicho na kazi, kelele za cherehani zifunike pumzi za watu. Shabani alishika mlango. Kwa miezi hiyo yote alikuwa akiihesabu njia kutoka Kimisagara hadi kwao: si mbali, mlima mmoja tu. Kwa mguu mzima.

Mji ulipotulia, Julai, alikwenda. Nyumba ya Gaudiose haikuwa na paa. Walimwambia alikutwa chini bondeni, kwenye ile njia yake ya kuzunguka, siku ya mvua.  Ndipo alipoanza kusikia gongo. Lilikuja mchana, watu wakiongea, chai ikimiminwa: ko, halafu kimya, halafu ko. Alipogeuka hakukuwa na mtu.

Agosti mwanamke mmoja alibisha hodi ofisini. Alikuwa mrefu. Shabani alimtazama puani kabla ya machoni, akitafuta kicheko alichokijua.

"Habari za saa hizi, Wakili. Naitwa Illuminée. Nimeambiwa wewe ulikuwa wakili wa dada yangu."

Kiswahili chake kilikuwa cha Karagwe, kilichonyooka. Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko tangu ujana, na sasa amerudi na waliorudi, anaishi Kabeza kwenye nyumba aliyoikuta wazi, sahani za wenyewe zikiwa bado mezani. Hakuna aliyewahi kumwita Shabani "Wakili". Lilimkaa kama shati la mtu mwingine.

Hakukaa. "Kuna mtu anaitwa Nsabimana," akasema. "Anachomelea mageti. Aliwaficha watu kwenye shimo la karakana yake, chini ya mabati. Watu wa mteremko wanamsifu. Na haohao wanasema Gaudiose alifika kwenye geti lake, akaachwa kwenye mvua. Wanasema ni kwa sababu ya chungu."

"Nani alimwona?"

"Wanasema. Ijumaa nawapelekea askari jina lake. Nataka uniandikie maelezo vizuri, mimi sijui Kifaransa."

Shabani aliijua hali ya mji. Mahakama ilikuwa milango iliyong'olewa na majalada yaliyotawanyika kwa mvua. Hakimu aliyeokota parachichi hakujulikana alipo. Jina likipelekwa, mtu huchukuliwa, na humo gerezani wafungwa walilala kwa zamu kwa kukosa nafasi. Huenda asingetoka tena. Na huenda ilikuwa haki yake.

"Nipe mpaka Alhamisi," akasema. "Sijawahi kuandika jambo ambalo sijaonyeshwa."

Geti la Nsabimana lilikuwa la bati nene, la kijani, lenye komeo la ndani. Mwenyewe alifungua. Alikuwa amekonda hata shingo imebaki mishipa. Mkewe alikuwa amekufa kwa kuhara mwezi Juni. Hakushangaa kumwona.

"Metre," akasema. "Nilijua utakuja wewe. Wengine wanaongea tu."

"Gaudiose alifika hapa?"

"Alifika."

"Alibisha?"

Nsabimana akaweka kiganja juu ya komeo, kama mtu anayempapasa mnyama. "Nilisikia gongo lake. Nani mwingine anatembea vile? Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini nililisikia. Lilikuja likasimama hapa, upande wa pili. Mkono wangu ulikuwa hapa hapa. Nikangoja agonge. Mara moja tu, kwa ukucha. Au aseme 'jirani'."

"Kwa nini hukufungua?"

"Juu pale walikuwepo vijana na mapanga."

"Kwa hiyo uliogopa."

"Niliogopa." Akaondoa kiganja kwenye komeo. "Hapana. Ngoja, nisikudanganye, polisi nilishadanganya. Siku ya pili yake vijana walikuwa palepale na nilimfungulia mtu mwingine. Ilikuwa ni kile chungu, Metre. Sikumchukia. Walahi, wewe ni Mwislamu, nakuapia kwa cha kwako. Nilikuwa nataka agonge. Nilikuwa namwomba agonge. Aliyerudisha ndiye anayeanza. Ndivyo tulivyolelewa, mimi na yeye. Nilisimama na mkono kwenye chuma, nikasema moyoni, sema, sema. Na yeye nadhani alisimama pale akisema, nitamwambiaje? Halafu gongo likaanza tena."

Shabani akarudisha kalamu mfukoni.

Kutoka kivulini mwa karakana akatokea bibi mmoja, Mukunde, mchuuzi wa sabuni wa zamani, ambaye watoto wake hawakubaki. Bado aliishi kwa Nsabimana, kwa kuwa hakuwa na kwingine. Alikuwa mmoja wa watu wa shimoni.

"Anasema kweli," akasema. "Mimi nilikuwa juu siku hiyo, nachungulia kwenye ufa, nimeona mkono wake kwenye komeo na nimeona vidole vya mguu wa yule mama chini ya geti. Havikuwa na kiatu."

"Na hakugonga?"

"Hakugonga." Bibi akakaza kitambaa chake kichwani. "Unataka yote, mwanangu? Basi chukua yote. Tulikuwa wengi mle shimoni. Nilikuwa naomba Mungu asigonge."

 Shabani aliondoka kwa njia ya bondeni, ile ndefu, na safari hii gongo lilimfuata hatua kwa hatua bila kunyamaza.

Alhamisi alikwenda Kabeza. Illuminée alikuwa ameandaa karatasi na kalamu, kalamu ya mwalimu, nyekundu. Shabani akamweleza kila kitu kama alivyokisikia, komeo, vidole, ufa, sala ya Mukunde. Hakupunguza woga wa Nsabimana wala kiburi chake.

"Kwa nini asigonge?" Illuminée akauliza. Sauti ilipanda. "Mtu anafuatwa na mapanga, geti liko mbele yake! Mimi ningelivunja!"

"Alirudisha chungu chake. Kwa desturi yao hakuwa na mdomo wa kubishia hodi."

"Yao? Na yangu pia. Hata Karagwe tulikuwa tunapelekeana." Akasimama dirishani. "Gaudiose hakuwa na roho hiyo. Alikuwa akisamehe hata kuku. Nani alimfundisha kurudisha chungu?"

"Mimi."

Akageuka.

"Nilimwambia akinywa atashindwa kesi. Baadaye alitaka kupeleka chake, nikamwambia baada ya Pasaka." Alitaka kuongeza kwamba sheria ilikuwa hivyo, kwamba kulikuwa na Léonce na miguu yake iliyoning'inia. Yote yalikuwa kweli. Akayaacha. "Jina langu unaweza kuliandika pia. Nitakutafsiria."

Illuminée akaigeuza karatasi uso chini. Nje mtu alikuwa akipigilia misumari, labda anaweka mlango kwenye nyumba isiyo yake.

"Nipeleke kwenye hilo geti," akasema.

Walifika jua likiwa kali. Illuminée alimzuia Shabani kwa mkono, akasogea peke yake, akasimama karibu na bati hadi pumzi yake ikaligusa. Hakubisha. Ndani nyayo zikaja, zikasimama. Sasa walikuwa wawili, huku mmoja na huko mmoja, na chuma katikati, na Shabani akaona wanaweza kusimama hivyo mpaka jua lichwe, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amelelewa vizuri.

Ndipo akafungua mdomo, yeye aliyekuwa akilipwa kuwasemea watu. "Nsabimana. Fungua. Ni dada yake."

Komeo likalia.

Illuminée hakumtazama Nsabimana. Alilitazama komeo. Akalishika, akalisukuma, likaingia, akalivuta, likatoka. Lilikuwa jepesi, limepakwa grisi, kazi ya fundi. Mtoto angeweza kulifungua kwa kidole. Akalifunga na kulifungua tena. Nsabimana alikuwa akilia bila sauti, mikono imemning'inia.

"Sitapeleka jina lako," akamwambia mwishoni. "Lakini usije kwangu na chungu. Wewe wala mtu wa ukoo wako. Usije."

"Sitakuja," akasema Nsabimana.

Mukunde alitoa kigoda, akakiweka katikati ya uwanja. Hakuna aliyekikalia. Baada ya muda Illuminée akatoka, na Shabani akamfuata.  Mteremko ulikuwa mkavu, miguu yao ilikuwa mizima, lakini waliteremka polepole sana, wakisimama kila baada ya hatua chache, kama watu wanaomngoja mwenzao aliye nyuma.